Karakana Isiyoonekana

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima huko, wewe na wifi yangu na hao mapacha, ambao nasikia wameshaanza kukimbia. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anasahau kwamba lilikuwa linauma na anaanza kuhamisha viti. Shemeji yako amebadilishiwa zamu, siku hizi namwona akiwa amelala tu. Wapwa zako wanakusalimu. Yule mkubwa amenipita urefu na anajisikia kweli.

Najua utashangaa kupata barua. Simu zetu mbili za mwisho ulinikatia katikati, au mimi nilikukatia, sina haja ya kukumbuka. Barua haikatiki. Ukichoka kusoma utaiweka mezani, na ukirudi utanikuta palepale nilipokuwa nasema.

Neno langu ni tovuti. Ile uliyonitengenezea miezi miwili baada ya kumzika baba, ina mwaka sasa. Ni nzuri, sikatai, kila ninayemwonyesha anasema nzuri. Lakini mpaka nimwonyeshe mimi. Mtu akikaa kwake akaandika kwenye simu "fundi cherehani", anayetokea wa kwanza ni Mafuta Kidogo.

Unamkumbuka. Jina alipewa na baba mwenyewe, kwa sababu kila cherehani ikiletwa, hata iwe imevunjika vipande viwili, yeye alisema "hii ni mafuta kidogo tu". Miaka sita ya kujifunza kwa baba, na hakuwahi kufungua kichwa cha cherehani akakirudisha bila skrubu mbili tatu kubaki mezani. Leo ana duka ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na wetu, na kibao chenye taa. Nikikaa kwenye meza ya baba namwona anavyopokea watu. Nawahesabu. Juzi walikuwa saba. Mimi nilipata mmoja, naye alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Nina wivu, mdogo wangu. Sitaki kuupaka rangi. Nikiona mtu anavuka barabara na cherehani begani nasimama mlangoni kabisa, na akiingia kwake roho inaniuma mpaka nakosa hamu ya kula.

Na si wivu tu. Mwenye nyumba ameniambia kwamba karakana ikiendelea kuwa kimya hivi, mwisho wa Desemba chumba hiki atampa mtu mwingine. Mafuta Kidogo keshasikia. Alikuja na lile tabasamu lake: "Dada, funga tu uje kwangu, nitakupa meza ya dirishani. Na kile kibao cha mzee njoo nacho, nitakitundika." Kibao cha baba, kwenye ukuta wake! Heri nikichome.

Baba alizoea kutuambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kibaya kinatembea mpaka kwenye simu za watu, na chema kimekaa hapa kinapigwa na vumbi. Hii ndiyo kazi yako. Niambie nimekosea wapi.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada, shikamoo,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, na sikuiweka mezani katikati. Sisi wazima. Mapacha hawakimbii bado, wanaanguka kwa kasi tu. Wifi yako anakusalimu na anamwombea mama goti lake. Mwambie mama aache viti vya watu.

Nimeifungua tovuti yako nikaipitia ukurasa kwa ukurasa. Makosa ni yale yale ninayoyaona kwa wenye tovuti wengi, kwa hiyo usijione mjinga.

Kurasa zako zote tano zina kichwa kimoja: "Karibu". Hakuna mtu duniani anayetafuta fundi kwa kuandika karibu. Kichwa cha ukurasa ndicho kitu cha kwanza mtambo wa kutafutia unachosoma, na ndicho mteja anachokiona kabla hajabonyeza. Kila ukurasa upe kichwa chake kinachosema kilichomo.

La pili, lugha. Umeandika "Ukarabati wa Mitambo ya Ushonaji". Nani anasema hivyo? Mteja akiingia kwako anasemaje? Anasema "cherehani yangu inakata uzi". Anasema "inaruka mishono", "imekwama", "kanyagio halirudi". Hayo ndiyo maneno anayoandika kwenye simu akiwa amekasirika na nguo ya mtu imeharibika mezani. Chukua kila ugonjwa, uandikie ukurasa wake, eleza unasababishwa na nini na wewe unafanyaje. Hapo Mafuta Kidogo hakuwezi, kwa sababu yeye ugonjwa anaoujua ni mmoja na dawa yake ni moja.

Halafu namba ya simu, mtaa na saa za kufungua viwe vilevile kila mahali: kwenye tovuti, kwenye kadi, kwenye kibao. Ukurasa mmoja unasema unafungua saa mbili, mwingine saa tatu. Mtambo unakuwa kama mteja, ukiona maneno mawili hauamini hata moja.

Chema chajiuza, dada, lakini si kikiwa kimefungiwa kabatini. Anza na hayo. Maandishi na picha unaweza kubadilisha mwenyewe. Mipangilio ya ndani usiiguse, hiyo niachie mimi.

Umeitaja meza ya baba kama mtu anavyotaja kiti. Mimi sijawahi kuikalia. Nyinyi wawili mlikuwa mnainamia cherehani, mimi nashika tochi, na nikiyumbisha mwanga kidogo mnanigunia wote wawili kwa pamoja. Sijui kwa nini nimeliandika hili.

Ile bisibisi ya baba, yenye mpini wa mti, iko wapi? Nilikuuliza siku ya mazishi, ulikuwa na wageni.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefurahi kusikia habari za mapacha, na viti hajaacha. Wiki iliyopita alihamisha kabati. Shemeji yako alipoamka alidhani ameingia nyumba ya watu.

Nimefanya ulivyosema, na nimekwama. Vichwa nimebadilisha. Lakini nilipokaa kuandika kurasa za magonjwa, mkono uligoma. Cherehani naweza kuifungua nimefumba macho, kuieleza kwa maneno ndiyo sijui naanzia wapi. Nikachungulia kwa Mafuta Kidogo anaandikaje. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, anaandika vizuri. Nikayachukua maneno yake kama yalivyo.

Nikachukua na namba yake ya simu, bila kuona.

Yule mama mshona mapazia, mteja wa baba tangu sisi wadogo, alifungua tovuti yetu kwa anwani iliyo kwenye kadi, akapiga namba aliyoikuta. Akapokea Mafuta Kidogo! Alivuka barabara huku anacheka, akasimama mlangoni mwangu: "Dada, ahsante kwa kunitangaza." Sijapata kuaibika hivyo tangu nizaliwe. Nilishika koleo, nikajifanya nina kazi.

Kama hiyo haitoshi, yule jamaa anayenichapia kadi alinipa siri yake. Aliniambia niandike "fundi cherehani" mara sitini chini ya ukurasa, kwa maandishi meupe juu ya nyeupe, mtu asiyaone ila mtambo uyaone. Nimeandika. Nimehesabu, sitini kamili. Bado hatutokei. Nimetafuta mpaka ukurasa wa kumi na mbili wa majibu, nimekuta duka la majeneza na mwalimu wa kuogelea, sisi hatumo.

Mafuta Kidogo jana alipata cherehani nne kwa mpigo. Nilizitambua, ni za wale mabinti wanaoshona sare. Enzi za baba walikuwa wanakaa hapa hapa kwenye benchi wakisubiri. Siku hizi wananipungia mkono wakiwa upande wa pili.

Niambie kweli. Au mimi ndiye sifai? Maana nimeanza kufikiri baba alikuwa anavumilia tu.

Dada yako


Tarehe 28 Juni

Dada, shikamoo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mapacha walishikwa na homa kwa zamu, huyu akipona huyu anaanza. Sasa wote wazima na wanataka kulipa siku walizolala.

Nimecheka kuhusu namba ya simu, usinikasirikie. Ila maneno ya Mafuta Kidogo yafute yote leo. Mtambo ukikuta maandishi yaleyale sehemu mbili, unamheshimu aliyetangulia na mwingine unamweka pembeni. Umejifanya kivuli cha mtu unayemchukia. Na zile sitini nyeupe zifute pia. Ujanja huo ni wa zamani, mitambo iliugundua siku nyingi, na ukikamatwa nao unarudishwa nyuma zaidi. Yule mchapa kadi achape kadi.

Kuandika usiandike. Zungumza. Akija mteja, mweleze kama unavyomweleza siku zote, na wapwa zangu wakurekodi kwenye simu. Kisha nakili ulichosema. Hayo ndiyo maneno yako na hakuna mwingine aliye nayo.

Picha ya karakana uliyoweka mbele ni kubwa mno. Ingechapwa ingefunika ukuta mzima. Kwenye simu yenye mtandao wa kusuasua inafunguka mteja akiwa ameshaoa. Ipunguze. Na ule ukurasa wa "bei mpya" ulioufuta, bado kurasa nyingine zinauelekezea, mtu akibonyeza anaambiwa haupo. Rekebisha viungo hivyo. Akitokea mtu wa kukuahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki, mfukuze. Mambo haya huchukua miezi mitatu, minne. Subira.

Umeuliza kama unafaa. Dada, unafaa. Baba hakuwa mtu wa kuvumilia, mimi ndiye shahidi, mimi alinivumilia siku mbili akanirudisha kwenye tochi.

Ningekuwa wewe ningeifupisha ile sentensi ya kwanza kwenye ukurasa wa mbele. "Mimi ndiye mtoto pekee aliyerithi mikono ya baba." Ni ndefu kidogo.

Bisibisi hujanijibu.

Mdogo wako


Tarehe 3 Septemba

Kwako,

Mama mzima. Watoto wazima. Salamu zimeishia hapo.

Julai yote na Agosti yote nimefanya ulichoniambia. Nilizungumza, mwanangu akarekodi, nikanakili. Nina kurasa kumi na moja, kila moja na ugonjwa wake, na zote nimezitoa kichwani mwangu. Picha nimepunguza. Viungo nimerekebisha. Yule mama wa mapazia alizisoma zote, akasema ni kama anamsikia baba. Nikasubiri. Subira, ulisema.

Jana Mafuta Kidogo alinikuta nimekaa mlangoni. Sijui aliniona vipi usoni, maana kwa mara ya kwanza hakutabasamu. Akasema, "Dada, njoo nikuonyeshe kitu." Nikavuka. Sijawahi kukanyaga kwake. Ana meza tatu, na moja ipo dirishani kweli.

Ukutani juu ya meza yake amebandika karatasi nne alizochapa kutoka kwenye mtandao, zenye jina lako juu. Akaniambia, "Huyu si mdogo wako? Kila alichosema nimekifanya. Mimi bila huyu nisingejulikana hata na jirani." Alisema kwa fahari, kama vile kakusomesha yeye.

Nikasoma. Nimesimama, kwenye duka la adui yangu, nasoma mashauri ya ndugu yangu kwa watu asiowajua. Mengi yalikuwa yale uliyoniandikia, vichwa, maneno ya mteja, picha. Lakini hayo yanaanza namba mbili. Namba moja naiandika hapa kama ilivyo, nimeinakili kwa mkono:

"Kabla hujahangaika na lolote, andika anwani ya tovuti yako yenyewe kwenye mtambo wa kutafutia. Usipotokea hata ukurasa mmoja, tatizo si maneno yako wala picha zako. Nenda kwenye mipangilio, utafute mahali panapoambia mitambo isiisome tovuti hii. Mafundi huweka tiki hapo wakiwa bado wanajenga, na wengine husahau kuitoa. Tiki hiyo ikiwepo, hata uandike kitabu hakuna atakayekiona."

Nilirudi nikaandika anwani yetu. Hakuna hata ukurasa mmoja. Nikafungua mipangilio. Nikaambiwa sina ruhusa, mwenye ruhusa ni wewe.

Kwa wageni umeiandika ya kwanza. Kwangu, barua mbili, hukuiandika kabisa. Mafuta Kidogo ameipata bure. Nimekonda kwa kumwonea wivu mtu wa ng'ambo ya barabara, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Usiniambie ulisahau. Nataka kujua tangu lini unajua.

Dada yako


Tarehe 15 Septemba

Dada, shikamoo, hata kama huitaki,

Tiki nimeitoa siku ileile barua yako ilipofika, kabla sijavua viatu. Nimekuwekea na ruhusa yote, neno la siri liko kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Libadilishe, nisiweze kuingia tena. Kisha nimeiarifu mitambo ije isome upya. Itachukua wiki mbili, tatu.

Umeuliza tangu lini. Tangu siku ya kwanza.

Niliiweka wakati najenga, kama kila mtu. Siku ya kuifungua tovuti nilikaa niitoe. Kidole kilikuwa juu yake. Nikasema ngoja kwanza nisome ukurasa wa mbele mara ya mwisho, usiwe na kosa. Nikakuta umeongeza sentensi asubuhi ile. Mtoto pekee aliyerithi mikono ya baba.

Nilikesha wiki tatu naijenga tovuti hiyo, dada. Nilitafuta picha za baba mpaka kwa majirani. Na wewe ukaniandika nje ya nyumba kwa neno moja. Nikasema, sawa, basi rithi peke yako na usomwe peke yako. Nikafunga kompyuta. Nilijiambia nitaitoa kesho. Kesho nikaiona tena ile sentensi.

Uliponiandikia Machi ningeweza kuitoa kimya kimya usijue milele. Niliifungua mipangilio, nikaiangalia. Halafu nikasoma tena ulivyoandika "meza ya baba". Nikaanza kukupa mashauri. Yote yalikuwa ya kweli, sikukudanganya hata neno, nilificha moja tu. Nilipojua habari za mwenye nyumba bado nilificha. Na uliponiuliza kama unafaa, nilikujibu unafaa, nikaiacha tiki ilipo. Hapo ndipo ninapojichukia.

Nilikuwa na wivu na wewe tangu nina miaka tisa. Sasa umejua. Wifi yako pia amejua, nimemsomea barua yako, na tangu juzi ananipakulia chakula bila kusema kitu.

Ukitaka kumwambia mama, mwambie.

Mdogo wako


Tarehe 30 Oktoba

Mdogo wangu,

Mama sijamwambia. Goti linamtosha.

Nimekaa wiki sita bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nikachana. Shemeji yako alisema nitamaliza daftari la watoto. Leo nadhani nitafika mwisho.

Wiki ya pili ya mwezi huu aliingia mtu nisiyemjua, ameibeba cherehani kama mtoto mgonjwa. Nikamwuliza nani kamwelekeza. Akaniambia, "Hakuna, nimekuona kwenye simu. Umeandika inaruka mishono kwa sababu sindano imewekwa kinyumenyume. Nimeangalia, kweli nimeiweka kinyumenyume, lakini nimekuja hivyohivyo." Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, yeye akadhani nina matatizo. Baada yake wakaja wawili. Juzi akaja msimamizi wa kiwanda kidogo cha mashati, cherehani kumi na moja. Mwenye nyumba alipita akazikuta zimepangwa mpaka mlangoni, akaruka moja, akasema "hongera", na Desemba hakuitaja. Kibao cha baba kiko palepale. Mafuta Kidogo nimemwambia meza ya dirishani aiwekee maua.

Sasa zamu yangu, maana umekiri kwangu, na mimi nina langu la kukiri.

Mwaka ule wa mwisho baba alikuwa haoni vizuri, kazi nafanya mimi, yeye anakaa kwenye benchi. Akiingia mteja mwenye simu, kabla hata ya salamu kuisha, baba anamwambia: "Hebu nitafutie mwanangu humo, nione kama yupo." Mteja anaandika jina lako. Baba anauliza, "Ametoka wa ngapi?" Anaambiwa wa kwanza. Basi ananigeukia mimi: "Unasikia? Wa kwanza." Mimi nina grisi mpaka kwenye viwiko. Kila mteja! Kuna siku aliuliza mara tano, na mara zote tano akanigeukia.

Hakuna hata siku moja aliyomwambia mtu, huyu hapa ndiye anayetengeneza. Nilikuwa na mikono yake, naam, lakini mdomo wake wote ulikuwa kwako. Nikaandika ile sentensi ili angalau mahali pamoja pawe pangu peke yangu. Nilijua utaisoma. Niliiandika ili uisome.

Na bisibisi. Siku tatu kabla hajafariki alinishikisha, akasema, "Hii mpe mdogo wako, asije akadhani sikumwachia kitu." Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka chini ya droo. Ulipouliza siku ya mazishi nilikusikia vizuri sana. Nikajisemea asiyekuwepo na lake halipo. Yeye ana lile "wa kwanza" lake kwenye simu, bisibisi ya nini? Nimeitumia kila siku tangu hapo. Ni ileile niliyokuwa naitumia tangu nina miaka kumi na sita, baba alinipa niifanyie kazi, hakunipa iwe yangu.

Imo ndani ya kifurushi hiki. Usidhani nimekusamehe kabisa. Nimechoka tu kuificha.

Dada yako


Tarehe 22 Novemba

Dada, shikamoo,

Sote wazima. Mapacha sasa wanakimbia kweli, na wifi yako ameanza tena kuzungumza nami, mwanzo kwa sentensi fupi.

Kifurushi kimefika. Nilijifungia chumbani nacho kama mwizi. Nilikuwa nautafuta mkono wa baba kwenye ule mpini. Pale dole gumba linapokaa mti umelika, nikaweka langu, halikuenea. La baba lilikuwa pana kuliko langu, unakumbuka, kucha yake ilikuwa kama kijiko. Pale panaingia kidole chembamba. Ni chako. Mpini wote umelika kwa kidole chako, dada, miaka ishirini na tatu.

Kwa hiyo nakurudishia. Sina cherehani ya kufungua, na hiyo inanikataa mkononi. Alikuwa na haki ya kuniachia, na mimi nina haki ya kukupa. Lakini lile swali lake kwa wateja silirudishi. Miaka yote nilidhani hajui hata ninafanya kazi gani. Hilo ni langu, sitaki kuligawa hata na wewe, na ukiniita mchoyo ni sawa.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Nilipogundua mpini umelika kwa dole lako niliuhisi tena. Ila sasa naujua unapokaa.

Januari nitakuja na mapacha wamwone bibi yao. Ukiwa na nafasi, unikalishe kwenye meza hiyo unifundishe kufungua kichwa cha cherehani moja, hata mbovu isiyo ya mtu. Nikiyumba, usigune.

Ukurasa wa mbele nimeusoma jana. Umeitoa "pekee". Umebaki mtoto aliyerithi mikono ya baba, na hilo ni kweli tupu.

Siku hizi kila asubuhi, kabla ya chai, naandika "cherehani inaruka mishono" nione kama upo. Leo Mafuta Kidogo bado wa kwanza. Wewe umetoka wa pili. Unasikia, dada? Wa pili.

Mdogo wako